Maswali ya Wasomaji: Variesheni Nne Kwenye Flashi

Barua tatu mwezi huu, kutoka Moshi mjini, Machame na Arusha. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida ya safu hii, na aliyeiandika anastahili.

Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa Soweto hapa Moshi, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Mgeni mmoja wakati anaondoka aliniachia flashi, akasema kwa kuwa naimba alto kanisani huenda nikaupenda muziki uliomo. Kuna faili nne za piano tupu, hakuna anayeimba. Zimeandikwa hivi: Haydn, F maina; Beethoven, Opus 34; Schumann C., Opus 20; Schumann R., E flati. Jina la mpigaji halipo. Nimezisikiliza zamu za usiku. Faili moja wimbo uleule unarudi na kurudi mpaka nachoka. Nyingine nimeambiwa ni wimbo mmoja, lakini mimi nasikia nyimbo sita. Ile ya tatu naipenda na sijui kwa nini. Hao Schumann wawili ni ndugu? Na mtu anatakiwa asikilize nini hasa? Faili nimekutumia. — Alto wa Soweto, Moshi

Marahaba mwanangu. Nimezisikiliza zote nne kwenye spika kubwa, mlango wa sebule umefungwa. Ile ya Haydn niliwasikilizisha na wanafunzi wangu wa Jumamosi kabla hawajagusa kinanda. Mgeni wako alijua anachokuachia. Anayetaka kununua rekodi ya variesheni huelekezwa kwenye zile kubwa: za Bach zinazoitwa Goldberg, au zile 33 za Beethoven juu ya walzi ya Diabelli. Hizi zako hazitajwi sana, na kwangu mimi mbili kati yake zinagusa moyo kuliko hizo kubwa.

Nianze na swali la kusikiliza nini, maana likikaa sawa hayo mengine yatajijibu. Mtunzi wa variesheni anaweka wimbo mfupi, mara nyingi wa sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa. Kisha anaupiga tena, na tena, na kila raundi anabadilisha kitu. Wasikilizaji wengi hukimbilia kilichobadilika, kwa sababu ndicho chenye kelele: vidole vinakwenda mbio, mkono wa kushoto unaruka, besi inanguruma. Wewe fanya kinyume. Kila raundi jiulize amebakiza nini. Yupo mtunzi anayebakiza sauti ya kwanza ilivyo, akabadilisha zilizo chini yake. Yupo anayeitupa sauti ya kwanza akabaki na besi. Na yupo anayebakiza mpangilio wa mistari tu, mahali pa kupumua na mahali pa kutua. Umeimba alto, kwa hiyo umeshazoea kuisikia sauti ya kwanza bila kuifuata. Sikio hilohilo ndilo linalohitajika hapa.

Kwa hiyo usifuate mpangilio wa flashi. Anza na faili ya nne, ya Schumann R., ambayo bila shaka ndiyo inayokuchosha.

Huyo ni Robert Schumann, Mjerumani. Usiku wa tarehe 17 Februari 1854, nyumbani kwake Düsseldorf, aliamka akaandika wimbo huo, akasema ameletewa na malaika. Alikuwa mgonjwa sana wa akili wakati huo. Wimbo wenyewe ni wa sauti nne, kama wa kitabuni, doh ni E flati; ungeweza kuuimba Jumapili na hakuna ambaye angeuliza umetoka wapi. Akautungia variesheni tano. Tarehe 27 mwezi huohuo, akiwa katikati ya kuzinakili safi, alitoka nyumbani akajitupa mto Rhine. Waliokuwapo wakamwokoa. Kesho yake akaimalizia nakala. Siku chache baadaye alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn, na hakurudi tena nyumbani. Alifariki Julai 1856. Hizo ndizo noti zake za mwisho za piano, na hazikuchapishwa zote mpaka mwaka 1939.

Sasa rudia kusikiliza, ukiuliza amebakiza nini. Amebakiza karibu kila kitu. Wimbo haumtoki mkononi. Raundi ya pili sauti moja inaifuata nyingine kwa nyuma, ya nne inaingia kwenye maina, yaani ufunguo wa huzuni, na ya tano noti za kando zinausonga mpaka unasikika kama kupitia ukungu. Lakini wimbo upo, mzima. Kuchoka kwako kunatokana na kungoja mtunzi auache. Hauachi. Ukishajua hivyo, ule urudiaji unakuwa kitu cha kushika pumzi.

Na ndiyo, wanahusiana. Schumann C. ni Clara, mke wake. Alizaliwa Leipzig mwaka 1819, Leipzig ileile walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofungua kazi Machame mwaka 1893. Tangu utoto alikuwa mpiga piano mwenye jina Ulaya nzima, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyejulikana zaidi kuliko mume. Kisha watoto wakaja, wanane kwa jumla. Kuna miaka hakutunga chochote cha maana, na hata mazoezi yalimshinda, kwa sababu nyumba ilikuwa moja na mume akitunga hakutaka kusikia piano upande wa pili. Baadaye walipata nyumba iliyomruhusu kupiga bila kumsumbua. Mwaka 1853 akatunga hii Opus 20 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), akampa mume wake tarehe 8 Juni, siku ya kuzaliwa ya huyo mume. Kwenye nakala akaandika kwamba ni jaribio dhaifu la kurejea kazi.

Si dhaifu hata kidogo, na ninasema hivyo nikiwa nimeufundisha muziki huu. Alichukua wimbo mfupi wa mume wake, wa F shapu maina, wa huzuni iliyotulia, akautungia variesheni saba. Wewe uliyesema huijui sababu ya kuipenda, nenda raundi ya tatu. Pale Clara anaugeuza wimbo kutoka maina kwenda meja, upande wa furaha, mwendo wa taratibu, koradi (noti kadhaa kwa pamoja) nzitonzito kama kwaya imesimama. Msikilize alto wake! Noti zinazobadilisha sura ya wimbo ziko sauti za katikati, hapo unapoimba wewe. Ndiyo maana nasema sikio lako lilijua kabla yako. Kisha raundi ya tano anashusha mkono wa kushoto kwa oktavu zinazokwenda mbio, na hapo mtu anakumbuka kwamba huyu mama alikuwa na mikono ya kujaza ukumbi.

Hapo nina ugomvi kidogo na mpigaji wako. Raundi za haraka anazipiga vizuri, lakini hiyo ya tatu anaiharakisha, hakuachi usimame kwenye koradi. Ukipata rekodi nyingine ya Opus 20 uilinganishe papo hapo pa raundi ya tatu, utanielewa.

Kuna jambo la kuongeza hapa. Mwaka uliofuata, Robert akiwa hospitalini, kijana wa miaka 21 aliyeitwa Johannes Brahms alichukua wimbo uleule aliotumia Clara akautungia variesheni 16, Opus 9, akamtolea Clara. Kazi hizo mbili zilichapishwa mwaka mmoja, 1854. Mimi nawashauri watu wazisikilize kwa kufuatana, ya Clara kwanza. Ya Brahms inajulikana zaidi, lakini ukitoka kwa Clara unaisikia kama jibu, na unajua ni nani aliyeanza mazungumzo.

Haydn sasa. Hii usiisikilize kazini, inataka utulivu. Aliiandika Vienna mwaka 1793, ana umri wa miaka 61, katikati ya safari zake mbili za London. Aliiandika kwa ajili ya Barbara Ployer, mpiga piano ambaye Mozart naye alimtungia konseto, muziki wa piano na okestra. Mwezi Januari mwaka huo alifariki Maria Anna von Genzinger, rafiki aliyekuwa akiandikiana naye barua, na wapo wanaosikia msiba wake humu. Mimi ni mmoja wao.

Upekee wake ni kwamba nyimbo ziko mbili. Wa kwanza ni F maina. Kwa hesabu yetu ya sol-fa, lah ni F na doh ni A flati. Una mdundo wa kuchechemea, noti ndefu na fupi, ndefu na fupi, ambao hauishi. Wa pili ni F meja, doh ni F yenyewe, na unaingia kama dirisha limefunguliwa. Halafu zinapokezana: wa kwanza raundi yake, wa pili raundi yake, mara mbili kila mmoja. Mpigaji wako anarudia kila sehemu kama ilivyoandikwa, na nampongeza kwa hilo, kwani wengi huruka marudio ili kuokoa dakika. Bila marudio sikio halipati muda wa kuuzoea wimbo, na asiyeuzoea hawezi kujua kimebadilika nini wala kimebaki nini.

Baada ya mzunguko wa mwisho, wimbo wa kwanza unarudi wazi, bila pambo, vilevile ulivyokuwa mwanzo. Unadhani anafunga. Hafungi. Wimbo unakatika katikati, koradi zinaanza kupanda ngazi ambazo hazikuwamo, mpaka unafika mahali Haydn, mzee wa adabu na mizaha, anapiga kelele. Hakuna sehemu nyingine ya piano yake inayonitikisa hivyo. Kisha vumbi linatulia, na kinachobaki mwishoni ni ule mdundo wa kuchechemea peke yake. Ukiuliza amebakiza nini, jibu ni hilo: wimbo wote umekwenda, mwendo wake umebaki.

Imebaki Opus 34 ya Beethoven, ile uliyosikia nyimbo sita. Umesikia sawasawa, maana ndivyo alivyotaka. Aliiandika mwaka 1802, mwaka uleule aliomwaga uchungu wa kupoteza kusikia katika waraka aliouandika kijijini Heiligenstadt, na aliwaandikia wachapishaji wake kwamba ameifanya kwa njia mpya kabisa. Kabla yake ilikuwa kawaida seti nzima ikae kwenye ufunguo mmoja, labda raundi moja iende maina. Beethoven alihamisha doh kila raundi. Chukua karatasi uandike: wimbo, doh ni F. Raundi ya kwanza D. Ya pili B flati. Ya tatu G. Ya nne E flati. Ya tano C maina. Kila mara anashuka hatua ya tatu. Anabadilisha pia mapigo na mwendo: ya nne ni minueti, ya tano ni machi ya mazishi. Na kwa nini anafika C? Wewe wa sol-fa unajua: C ni soh ya F. Akishafika pale, mlango wa nyumbani uko mbele yake, na raundi ya sita inaingia F. Mwishoni wimbo wa mwanzo unarudi taratibu, umejaa mapambo.

Alichobakiza ni nini, basi? Mifupa: mistari inapoanzia, inapopanda, inapotua. Imba wimbo wa mwanzo kimoyomoyo wakati machi inapigwa, utaona vinaingiana. Nakushauri ufanye zoezi hilo hata kama litakushinda mara za kwanza.

Ukitaka kuendelea baada ya hizi nne, tafuta ya mtunzi Liszt ya mwaka 1862 iitwayo Weinen, Klagen. Aliitunga baada ya kifo cha binti yake Blandine, miaka mitatu tangu amzike mwanawe Daniel. Pale kinachobaki ni besi ya Bach inayoshuka nusu hatua kwa nusu hatua, dakika baada ya dakika, mpaka mwishoni unaingia wimbo wa Kilutheri unaosema atendalo Mungu limetendwa vema. Usianze nayo, lakini uifikie.

Dada, Bwana asifiwe. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika huku Machame. Wimbo wa kitabuni tunaupiga ubeti wa kwanza hadi wa sita vilevile. Vijana wanataka kila ubeti uwe na madoido yake, wazee wa kanisa wanasema ni kuharibu nyimbo. Tufanyeje? — Mpiga tarumbeta, Machame

Bwana asifiwe, kaka. Vijana wana historia nyuma yao. Wapiga kinanda wa Kilutheri wa Ujerumani, akina Pachelbel na Georg Böhm, na Bach mwenyewe alipokuwa kijana, walitunga variesheni juu ya nyimbo za ibada, raundi kwa raundi. Hakuna aliyewaambia wanaharibu.

Lakini wazee nao wana hoja, na lazima isikike. Waumini wanapoimba, sauti ya kwanza isiguswe. Tarumbeta moja ibaki kwenye wimbo, noti kwa noti, ubeti wote. Madoido yakae kwenye besi na sauti za katikati: ubeti wa pili besi itembee, ubeti wa tatu sauti ya tatu ipande juu ya sauti ya pili, ubeti wenye maneno ya kifo besi inyamaze kabisa. Someni maneno kwanza ndipo mwandike noti. Madoido yasiyojua ubeti unasema nini, mimi mwenyewe ningesimama na wazee.

Wakati wa sadaka, ambapo hakuna anayeimba, hapo mpo huru zaidi. Na kwa sababu uliandika mwezi uleule na binti wa Soweto, nakupa kazi: wimbo wa Schumann wa E flati niliouzungumzia juu. Ni sauti nne, mwendo wa taratibu, na E flati inakaa vizuri kwenye tarumbeta zetu za B flati. Brahms aliuchapisha huo wimbo peke yake, bila variesheni zake, mwaka 1893. Tarumbeta mbili na trombone mbili zinatosha, alimradi mpige kwa sauti ya chini.

Mama shikamoo. Nakaa Sakina, Arusha. Nina kinanda cha mtumba cha vibonyezo 61. Rafiki yangu anasema bila piano ya vibonyezo 88 nisiguse muziki wa kina Haydn. Ni kweli? — Kijana wa Sakina

Marahaba. Si kweli. Piano za Vienna za wakati Haydn anaandika ile F maina kwa kawaida zilikuwa na oktavu tano, yaani vibonyezo 61 kama chako. Tofauti ni mahali zinapoanzia: zile zilianza F ya chini zikaishia F ya juu, chako kinaanza C. Kwa hiyo utapungukiwa vibonyezo saba upande wa besi. Kuna kitufe cha kushusha oktavu, lakini ukikitumia utapoteza juu, kwa hiyo chagua kipande kinachokaa katikati.

Kinachonisumbua zaidi ni uzito wa vibonyezo. Jaribu kugonga noti moja kwa nguvu, kisha kwa upole. Kama sauti ni ileile, basi kinanda chako hakitakufundisha muziki huu, hata kingekuwa na vibonyezo 88. Kikibadilika, una pa kuanzia. Nunua na pedali. Usa River si mbali nawe, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wanafundisha muziki mpaka shahada. Nenda ukasikie wenzako wanavyopiga.

Haydn ya F maina iache kwanza, ni ngumu. Anza na variesheni sita za Beethoven juu ya wimbo wa Uswisi, WoO 64 (namba ya kazi isiyo na opus). Alizitunga akiwa kijana, kwa piano au kinubi, doh ni F, na noti zake si nyingi. Piga wimbo wenyewe mpaka uwe kichwani, kisha raundi ya tatu, ambayo ni ya maina, mikono ikiwa mbalimbali. Mkono wa kushoto uuimbe kwanza wewe mwenyewe kabla ya kuupiga.